Mbwa mzee anayeamka saa kumi: nilivyomsogezea Bobi usingizi

Bobi ana miaka 12. Miaka tisa kati ya hiyo tuliamka pamoja saa kumi alfajiri, mimi na ndoo zangu mbili na tochi, yeye ametangulia, tunashuka mwaloni, ufukweni mwa Ziwa Victoria mitumbwi inapotia nanga, hapa Igombe, Mwanza, kuwahi mitumbwi ya dagaa. Mwaka jana magoti yalikataa. Biashara ya kuanika nikamwachia binti yangu, nikaanza kulala mpaka kukicha. Bobi aliendelea na saa yake ileile. Ikigonga saa kumi, anakwaruza mlango wa nyuma, anabweka mara moja, ananyamaza kusikiliza, anabweka tena. Jirani yangu anafanya kazi ya zamu za usiku, na nilikuwa namwonea aibu hata kumsalimia.

Ninayoandika hapa ni yale niliyoyafanya kwa muda wa mwezi na ushee, na yaliyosaidia. Kwanza nikuombe jambo moja: usimpige, wala usimfungie mbali ili usimsikie. Mbwa mzee akiamka mapema ana sababu, na kazi yako ya kwanza ni kuijua.

Chukua daftari. Mimi nilichukua la mjukuu wangu lililobaki kurasa. Kwa siku kumi andika saa aliyoamka na kitu cha kwanza alichofanya baada ya kufunguliwa mlango. Hicho cha kwanza ndicho kinachosema. Akienda moja kwa moja kukojoa, tena mkojo mrefu, kibofu ndicho kilichomwamsha. Akienda kwenye sahani, ni njaa. Akijikongoja, akaanza kunyanyua miguu ya mbele na ya nyuma ikabaki inaburuzika, ana maumivu ya viungo. Akisimama pembeni anatazama ukuta, au akakwama nyuma ya mlango kama amesahau njia ya kutokea, huo ni uzee umeingia kichwani. Mbwa nao huupata, na wengi huanza kulala mchana na kuzunguka usiku.

Bobi alikuwa akikojoa kwanza, kisha anakwenda getini na kusimama akitazama njia ya mwaloni.

Daftari lilinionyesha na jambo jingine ambalo nisingelidhania. Siku za giza alikuwa akiamka saa kumi kamili, au kabla. Siku za mbalamwezi alikuwa akivuta mpaka saa kumi na moja. Wa mwaloni ameshaelewa: dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi wanapumzika, na alfajiri hakuna injini zinazorudi wala akina mama wanaopita na ndoo wakiitana. Masikio ya Bobi yamepungua, ukimwita kwa nyuma hageuki, lakini injini ya mtumbwi bado anaipata. Nikajua kwamba nusu ya tatizo lake ni sauti. Jua nililiondoa kwenye hesabu mapema, kwa sababu Mwanza jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu na kuendelea. Saa kumi bado ni giza totoro.

Kabla ya kubadilisha chochote, nenda kwa daktari wa mifugo. Mweleze anaamka saa ngapi, anakunywa maji kiasi gani, anakojoa mara ngapi. Maji yapime: mjazie kwa chupa unayoijua ujazo wake, na baada ya saa 24 upime yaliyobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku anakunywa kupita kiasi, na inaweza kuwa figo au kisukari. Bobi ana kilo 18, kwa hiyo mpaka wake ni lita moja na mililita 800. Yeye alikuwa anakunywa kama lita moja tu, nikashusha pumzi. Kama wako ni jike ambaye hajafungwa kizazi, na amekuwa anakunywa sana wiki chache baada ya kipindi chake cha kutaka dume, amepoa na hataki kula, mpeleke siku hiyohiyo. Kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha, na hilo linaua.

Usimnyime maji usiku. Mtu mmoja alinishauri niondoe bakuli kuanzia saa mbili, nami nikaondoa. Usiku wa pili Bobi aliangusha ndoo ya maji niliyooshea dagaa, akayanywa yote na uchafu wake, akatapika mpaka asubuhi. Bakuli likarudi, na halijaondoka tena.

Na usimpe dawa zako za maumivu. Najua kishawishi hicho, maana mimi na Bobi wote tulikuwa tunalia magoti, na diklofenaki zangu zilikuwa kabatini. Diklofenaki, ibuprofeni, panado, zote zinaweza kumwua mbwa, kwa kutoboa tumbo, kuharibu figo au ini. Daktari alimkunja miguu ya nyuma taratibu, akamwona anavyogeuza kichwa kwenye nyonga ya kushoto, akampa dawa ya viungo iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake.

Sasa malazi. Bobi alikuwa analala kwenye gunia juu ya sementi, upande wa geti. Sementi ya alfajiri inatoa baridi, hasa Juni na Julai, na nyonga mbovu haivumilii. Nilikata godoro kuukuu la sponji, nikalivika kiroba cha plastiki kwa ajili ya mkojo na juu yake kanga mbili zilizochakaa, nikaliweka juu ya chaga la mbao la kimo cha kiganja. Kisha nikamhamishia baraza la nyuma, ukuta wa nyumba ukawa kati yake na njia ya mwaloni. Kwa badiliko hilo peke yake alianza kuamka saa kumi na nusu hata siku za giza.

Jioni nayo nikaipanga upya. Zamani alikula saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mpaka alfajiri tumbo lilikuwa tupu. Nilisogeza chakula hadi saa moja na nusu usiku: ugali wa dona na dagaa waliochemshwa, bila chumvi, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa. Saa tatu na nusu anapata donge moja dogo la ugali. Kabla ya kula tunatembea polepole mpaka kwenye mawe na kurudi, dakika 20 hivi, tukisimama kila anapotaka kunusa. Kunusa kunamchosha vizuri kuliko kukimbia. Saa nne na nusu usiku ninatoka naye akojoe, hata kama amelala. Usiruke hatua hii.

Asubuhi ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo nilipokuwa nimekosea. Miezi ile ya mwanzo, akibweka nilikuwa nainuka kumtupia ugali ili anyamaze. Nilikuwa namfundisha kwamba kubweka saa kumi kunaleta chakula! Nikatenganisha vitu viwili. Kama anahitaji kukojoa gizani, namtoa kwa kamba, simsemeshi, siwashi taa kubwa, anakojoa, anarudi kulala. Hapo hakuna chakula wala kuchezwa. Siku inaanza nikifungua mlango na kumwambia "Mwangaluka, Bobi," yaani salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, kisha kinafuata chakula.

Mlango huo ndio niliousogeza. Siku tatu za kwanza niliufungua saa kumi na nusu, muda aliokuwa ameuzoea. Siku tatu zilizofuata, saa kumi na dakika 40. Kisha 50. Dakika kumi kila baada ya siku tatu, bila haraka. Akibweka kabla ya muda, nilisubiri anyamaze kwa pumzi kama kumi hivi, ndipo nitoke. Lakini jifunze kutofautisha: kubweka kwa kuita kuna vituo, anabweka na kusikiliza. Akiwa anazunguka, anahema, ananusa sakafu, huyo amebanwa, mtoe mara moja. Mbwa mzee asiyeweza kubana mkojo usimlazimishe, utamwumiza na utamfedhehesha.

Jirani nilimfuata siku ya kwanza ya zoezi nikamweleza kwamba wiki chache zijazo atasikia kelele kidogo, na kwa nini. Alinishukuru kwa kumwambia.

Wa kuchanganyikiwa na uzee utahitaji uvumilivu zaidi na ushauri wa daktari. Mwachie taa ndogo usiku, usihamishe vyombo ovyo, na mchana usimwache alale kutwa nzima.

Ilipofika wiki ya tano tulikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na hapo ndipo tumekaa. Siku za giza zikiingia, injini zikianza tena, anaweza kurudi nyuma nusu saa. Nikiona hivyo narudi hatua mbili: nafungua mlango saa kumi na moja na nusu kwa siku tatu, kisha naanza tena kusogeza. Leo ni siku ya nne ya giza. Binti yangu ameondoka na ndoo saa kumi kupitia mlango wa mbele, na Bobi, kwa jinsi ninavyomsikia, anakoroma.