Somo: Kuhamisha solfa ya kwaya kwenda mistari mitano kabla ya kuanza shahada ya muziki

Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa kuanzia Oktoba. Kwa kijana wa Arusha au Moshi anayekwenda kusoma muziki, iwe Tumaini Makumira hapa Usa River au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miezi hiyo ni mali. Wengi wenu mmelelewa kwenye kwaya za KKKT na za Kikatoliki, na solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi d, r, m, mnaisoma bila kusita. Msiionee haya, hiyo ndiyo akiba yenu. Kazi ya likizo hii ni kuihamishia kwenye mistari mitano inayoandikiwa nota.

Hatua ya 1: Hamisha wimbo unaoujua

Chukua wimbo wa kwaya ulioandikwa Do = F, yaani Do inaimbwa kwenye sauti ya F. Anza na soprano peke yake. Chora mistari mitano, weka ufunguo wa sol (wa sauti za juu), kisha flati moja, alama ya kushusha sauti nusu, kwenye mstari wa tatu, ambao ni B. Do yako inakaa nafasi ya kwanza kutoka chini. Ukiweka d, m, s utaona zinakaa kwenye nafasi tatu zinazofuatana.

Sasa andika wimbo uleule kwa Do = G. Flati inaondoka, inakuja shapu moja ya F (alama ya kupandisha sauti nusu), na d, m, s zinahamia kwenye mistari: wa pili, wa tatu, wa nne. Imba huku kidole kikifuata nota. Jicho linaanza kuona umbali kati ya sauti na sauti, na hapo ndipo kusoma kunapoanza kweli. Kukariri majina ya mistari tu hakukufikishi mbali.

Mapigo ni rahisi zaidi. Kwenye solfa, kati ya nukta pacha (:) na nukta pacha kuna pigo moja, kistari (–) kinarefusha sauti, na nukta moja (.) inagawa pigo katikati. Hayo yote mnayajua tayari. Mnabadilisha sura ya maandishi tu.

Fanya wimbo mmoja hadi uishe, sauti zote nne, ndipo uende wa pili. Baada ya F na G, jaribu D na B flati.

Hatua ya 2: Mikono

Hata kama chombo chako ni sauti au gitaa, kinanda utakihitaji kwa kuelewa nadharia. Nusu saa kila siku inazidi saa nne za Jumamosi. Piga skeli, yaani d hadi d kwa mpangilio, polepole, mkono mmoja mmoja, kisha yote miwili. Mdundo wa kufuata unapatikana bure kwenye simu. Julai Arusha vidole vinaganda, kwa hiyo vipashe moto kwanza usije ukaumia.

Hatua ya 3: Sikio

Imba d–s, d–f, d–l bila kinanda, kisha hakikisha kwa kinanda. Sikiliza besi ya wimbo wowote wa redioni na uiandike.

Hatua ya 4: Muziki wa kwenu

Kaa na wazee wanaojua nyimbo za jando, za mavuno, za harusi. Omba ruhusa, rekodi, uliza wimbo unaimbwa lini na nani. Marehemu Hukwe Zawose alifika majukwaa ya dunia na zeze (ala ya nyuzi) na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) za Wagogo. Usifike chuoni mikono mitupu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Himo:* Mwalimu, nimeingiza wimbo wetu kwenye MuseScore, programu ya kuandikia nota, tenor ikatoka juu ya soprano. Nimekosea wapi?

Hujakosea kusoma, kaka. Solfa huandika tenor na besi oktava moja (kutoka d hadi d inayofuata) juu ya zinavyosikika. Ukizipeleka kwenye ufunguo wa fa (wa sauti za chini), zishushe oktava. Kwa Do = F, d ya tenor isiyo na alama inakaa mstari wa nne.

*Mwanachama, Ngaramtoni:* Nimepangiwa JKT, kinanda sitakiona. Nifanyeje?

Beba daftari dogo lenye mistari mitano. Hatua ya kwanza na ya tatu hazihitaji kinanda, zinahitaji penseli na koo. Ukirudi, anza na mikono.

*Mzazi, Moshi:* Mwalimu, mwanangu anataka tumnunulie kinanda. Kipi kinafaa?

Shikamoo mama. Kwa kuanzia, chenye vitufe 61 kinatosha, mradi kitoe sauti kubwa ukibonyeza kwa nguvu na ndogo ukibonyeza taratibu. Kama anakwenda kubobea kwenye piano, baadaye atahitaji cha vitufe 88 vizito. Lakini kabla ya kutoa fedha, aongee na mwalimu wa kwaya usharikani. Vinanda vingi vya kanisa havina mtu siku za katikati ya wiki. Na aulize idara ya muziki ya chuo chake atasomea chombo gani hasa, msije mkanunua kinanda kumbe kinachotakiwa ni tarumbeta.