Somo: Kabla hujaipa programu hesabu zako

Hili ni kwa wapiga picha, wafasiri, wabunifu na wote tunaojiajiri, tunaotafuta programu ya kutoa ankara na kufuatilia malipo.

Hatua ya 1. Andika unachohitaji. Kutoa ankara hakuhitaji picha zako wala majina yaliyo kwenye simu.

Hatua ya 2. Kagua ruhusa, na hapa usiharakishe. Baadhi ya programu huomba kusoma meseji ili zijaze mapato zenyewe. Hebu fungua meseji moja ya M-Pesa: kuna jina la aliyekulipa, kiasi, saa, na salio lako. Android nayo haichambui. Ukiruhusu meseji umeruhusu zote, hata zile za benki zenye namba za kuthibitisha. Kwangu mimi urahisi huo ni ghali mno. Kataa, ingiza malipo kwa mkono. Programu ikigoma, itoe.

Hatua ya 3. Anza na mteja wa kubuni. Mtolee ankara ya shilingi 10,000, pakua hesabu kwenye faili la Excel, kisha jaribu kufuta akaunti. Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5, kwa hiyo programu isiyokuruhusu kuondoka na hesabu zako haikufai.

Hatua ya 4. Katika sera ya faragha tafuta mambo mawili: nani hupewa taarifa, na hukaa nazo muda gani. Wakiandika "washirika wetu" tu, waulize ni akina nani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya wana yao ya 2019.

Hatua ya 5. Weka nenosiri usilolitumia kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani zaidi ya nenosiri uombwe pia namba ya kuthibitisha.

MASWALI

Mwanachama, Mwanza: Kaka, mimi nilisharuhusu meseji. Nikiitoa programu kwenye simu, yameisha?

Jibu: Bado, dada. Haitasoma meseji mpya, lakini zilizokwishafika kwao zinabaki. Kabla hujaitoa, pakua hesabu, futa akaunti, kisha waandikie wafute taarifa zako na utunze nakala. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwanachama, Mombasa: Mhasibu wangu ataka statimenti yote ya M-Pesa. Nimpe?

Jibu: Mpe ya miezi anayoshughulikia tu, na nenosiri la faili mwambie kwa kumpigia. Kisha fungua till ya biashara, yaani namba ya kupokelea malipo ya wateja peke yake, ili karo ya watoto na dawa za mama zisipite mezani kwake.