Kumfundisha Mwanafunzi Miruko Mitatu

Kabla ya somo la miruko mitatu, mchezo wa riadha wa kuruka mara tatu mfululizo, chimba shimo la kutua na ulijaze mchanga laini wa korongoni, kwa kuwa ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama sakafu. Mwanafunzi aruke kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu uleule, kisha atue kwa mguu wa pili, na hatimaye atue mchangani kwa miguu yote miwili. Kosa kubwa, nami huliona kila mara, ni kuruka juu mno katika mruko wa kwanza, hivyo goti hulegea anapotua na kasi yote hupotea. Mwelekeze aruke kwenda mbele, akikanyaga kwa wayo mzima. Mbio ndefu za kuanzia mruko zisubiri: mwanzoni hatua sita zinatosha.