Kuchagua antibiotiki kwa mgonjwa wa saratani mwenye homa

Mwongozo huu ni wa tabibu aliyeitwa wodini usiku kumwona mtu mzima aliyepewa tibakemikali siku 7 hadi 14 zilizopita, na ambaye sasa ana joto la nyuzi 38.3 za Selsiasi, au la 38.0 lisiloshuka kwa saa nzima.

Hatua ya 1: Mkague ukijua kwamba dalili zitakuwa hafifu. Nyutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, usaha haujitengenezi na picha ya kifua huweza kuonekana safi ilhali mapafu yameshaambukizwa. Niliwahi kukuta wekundu usiozidi upana wa ukucha pembeni mwa mpira wa mshipa (ule unaopitishia dawa), na hiyo ndiyo dalili pekee aliyokuwa nayo mgonjwa yule. Angalia kinywa, makwapa na njia ya haja kubwa, lakini huko usiingize kidole wala kipimajoto.

Hatua ya 2: Chukua damu ya kuotesha bakteria, sehemu moja kwenye mpira na nyingine mkononi, kisha dozi ya kwanza iingie mshipani ndani ya dakika 60. Damu ikigoma kutoka, usiisubiri.

Hatua ya 3: Chagua dawa. Mazoea ya kuanza na seftriaksoni hapa ni ya hatari, kwa sababu haimuui Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayeweza kumaliza mgonjwa wa namna hii kabla hakujakucha. Figo zikiwa nzima, mpe sefepimi gramu 2 kila saa 8, au piperasilini yenye tazobaktamu gramu 4.5 kila saa 6. Mimi huchagua ya pili tumbo linapouma au fizi zinapovimba, kwa kuwa inawafikia pia bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, ambao sefepimi huwaacha. Na figo zikiwa dhaifu, sefepimi isiyopunguzwa dozi humchanganya mgonjwa akili, hata kumtia degedege. Meropenemu, gramu 1 kila saa 8, naitunzia mgonjwa aliye katika mshtuko (shinikizo la damu limeporomoka), au yule ambaye faili lake linaonyesha aliwahi kuoteshwa bakteria sugu kwa sefalosporini, jamii ya seftriaksoni na sefepimi. Kwa hiyo soma faili kabla ya kuandika dawa, na umuulize mgonjwa mwenyewe kuhusu mzio wa penisilini, kwa kuwa piperasilini ni ya jamii hiyo.

Vankomaisini, antibiotiki ya kuongeza juu ya hizo, si ya kila mtu. Iongeze iwapo mpira, ngozi au mapafu yameambukizwa, au shinikizo la damu limeshuka.

Hatua ya 4: Rudi baada ya saa 48 hadi 72. Kama maabara haikuotesha bakteria wanaohitaji vankomaisini, iondoe; kama imemtaja bakteria, chagua dawa inayomfaa yeye bila kuacha kinga dhidi ya Pseudomonas nyutrofili zikiwa bado chini. Homa peke yake, kwa mgonjwa aliyetulia, si sababu ya kubadilisha antibiotiki. Ikidumu siku 4 hadi 7, piga picha ya CT ya kifua, tafuta fangasi, na ufikirie kuanza dawa ya fangasi.