Kuzamia baharini ukitokea Uganda: anza kupanga safari ya kurudi

Kila mtu hapa Kampala akisikia nazamia na mtungi wa hewa ananiuliza kuhusu papa, eti hawang'ati? Jamani, swali la kwanza liwe hili: unarudi nyumbani lini na kwa usafiri gani? Sisi tunakaa juu, ziwa letu tu liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari.

Iko hivi. Mtungini mna hewa ya kawaida, sio oksijeni tupu, na ukiwa chini ule mgandamizo wa maji unafanya naitrojeni iingie kwa wingi kwenye damu na misuli. Ukipanda polepole inatoka yenyewe, ukipanda haraka inafanya mapovu kama soda ukifungua kwa pupa, na hayo mapovu yanaumiza viungo na yanaweza hata kupoozesha mtu. Ukishatoka majini nyingine inakuwa bado imo mwilini, na ukienda juu mgandamizo wa hewa unapungua, mapovu yanaweza kutokea huko huko, ndio maana ukizamia mara moja unasubiri angalau saa 12 kabla ya ndege, ukizamia siku kadhaa angalau 18, mimi naacha 24. Hata kandege kadogo ka kutoka kisiwa cha Mafia kwenda Dar ni ndege.

Sasa wenye basi msijione mmepona. Basi la Mombasa likifika Nairobi mko karibu mita 1,700, na likipita njia ya Eldoret, pale Timboroa mko zaidi ya 2,500, wakati ndani ya ndege kubwa hewa inawekwa kama mtu yuko mita 2,400 au chini ya hapo. Kwa hiyo basi nalo lihesabu ni ndege! Siku ya mwisho usizamie, kaa pwani, kula wali wa nazi, tembea, kesho yake ndio upande basi.

Kabla hujaenda jifunze kuogelea hapa hapa, kwenye swimingi puli, sio ziwani penye majani maana kichocho kipo. Kozi ya kwanza ya kuzamia watakutaka uogelee mita 200 na uelee dakika 10, halafu ukifaulu unaruhusiwa kushuka mpaka mita 18.

Majini sasa. Masikio uanze kuyazibua mapema, kuanzia mita ya kwanza, bana pua puliza taratibu, yakiuma rudi juu kidogo usilazimishe, na ukiwa na mafua usishuke kabisa. Usizuie pumzi hata sekunde, kwa sababu hewa uliyovuta mita 10 ukifika nayo juu imekuwa mara mbili na mapafu yanaweza kupasuka. Kupanda ni mita 9 kwa dakika, basi, kisha simama mita 5 kwa dakika 3. Na maji ya chumvi yanakuelesha kuliko ya puli, utahitaji vipande zaidi vya risasi kiunoni, vile vizito vya kukuzamisha, mwambie mwalimu ulijifunzia wapi.

Matumbawe usiyakanyage wala kuyashika, yale sio mawe, ni wanyama hai na yanakua polepole mno, teke lako moja linavunja kazi ya miaka. Kasa mwache apande kuvuta pumzi, usimzingire.

Papa potwe (whale shark) wa Mafia wanaonekana zaidi Oktoba mpaka Februari, na wale hata mtungi huhitaji, wanakula vijidudu karibu na juu ya maji, unavaa maski na mrija tu. Ogelea ubavuni kwake, usimkatize mbele, na kaa mbali na mkia.