Kabla ya kuanza utafiti wa mbu na wenzenu wa nchi nyingine

Vibali kwanza. Tanzania anayetoa ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na utafiti wa afya unapita NIMR pia, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya ni tume iitwayo NACOSTI, Uganda ni baraza liitwalo UNCST. Kibali cha nchi moja hakivuki mpaka.

Majina kwenye makala: kubalianeni leo nani atatangulia, wakati bado hakuna cha kugombania.

Sampuli zisiondoke bila mkataba wa kuzihamisha uliosainiwa pande zote. Kasha la barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) lisizibwe kabisa, maana barafu hiyo hugeuka gesi na kasha linaweza kupasuka. Wala msitume Alhamisi: mzigo ukikwama uwanja wa ndege hadi Jumatatu, barafu itakuwa imekwisha na mtapokea sampuli za uvuguvugu.

Vikao vya mtandaoni: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho, sisi hatusogezi. Wiki mbili tatu hapo katikati lazima mtu akose kikao.

Sasa saa zenyewe. Hapa ndipo miradi inapoumia, kwa kuwa kila mtu anaamini anajua kusoma saa. Mtaalamu wa wadudu anahesabu mbu kila saa, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mwanasosholojia anauliza watu wanaingia kulala saa ngapi. Majedwali mawili yanaunganishwa ili ijulikane mbu wangapi wanauma watu wakiwa nje ya chandarua. Msaidizi wa kijijini anaandika "4", yaani saa 4 usiku, 22:00. Mtakwimu aliye Ulaya anasoma 04:00. Mbu waliouma watu barazani wanahamishiwa alfajiri, watu wote wakiwa kitandani, na ripoti inasema chandarua kinatosha.

Kosa hili halijitangazi. Saa 1 hadi saa 5 usiku zikisomwa kizungu bado zinaangukia usiku, na grafu inapendeza. Zinazojitokeza ni saa 7 hadi saa 11 usiku: zinakuwa 07:00 hadi 11:00, wakati wakusanyaji walishafunga kazi. Msafisha data akiziona anazifuta, "makosa ya uandishi". Amefuta ushahidi pekee uliokuwepo, na zilizobaki zote ni mbovu.

Kwa hiyo msimwachie mtu aandike saa kwa mkono. Chapeni kwenye fomu visanduku 12, kila kimoja na saa zote mbili: "saa 4 hadi 5 usiku, 22:00–23:00". Mkusanyaji aweke alama tu. Wekeni safu ya "usiku ulioanza tarehe", kwa sababu saa 7 usiku tarehe imeshageuka. Tarehe yenyewe iandikwe 2025-04-03; ukiandika 03/04, Mmarekani anasoma Machi 4. Kisha fanyeni usiku mmoja wa majaribio, data ipite mikono yote mpaka kwenye grafu, kabla hamjalipa posho ya mtu yeyote kwa kazi halisi.

Excel nayo muiangalie. Ilizoea kugeuza jina la jeni SEPT1 kuwa tarehe, hata mwaka 2020 wanaosimamia majina ya jeni wakaona afadhali jina libadilishwe, likawa SEPTIN1.

Na mwulizeni mwanasosholojia "kulala" kwake ni nini: kuingia ndani, kupanda kitandani, au kusinzia. Hizo ni saa tatu tofauti, na mbu anauma katika zote.