Otokleivu haioshi koleo

Jamani wenzangu wa kliniki za meno, hasa nyie mlioanza juzi, otokleivu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, haioshi. Koleo la kung'olea meno likiingia na damu iliyoganda linatoka na damu ileile, imepikwa tu, na chini ya ganda vijidudu vimetulia zao.

Kazi kubwa iko kwenye sinki. Mgonjwa akishuka tu kwenye kiti vifaa visiachwe vikakauka, loweka kwenye maji yenye sabuni ya vifaa, vyenye bawaba uvifungue, halafu sugua kwa brashi kifaa kikiwa ndani ya maji, ukisugulia juu juu yanakurukia usoni. Glavu ziwe zile nene za usafi, maana probu, ile sindano ya kupimia meno, ikikuchoma pale ni balaa, virusi vya homa ya ini B vinakaa nje ya mwili hata siku 7 na bado vinaambukiza. Ile ya kutumbukiza kwenye jiki dakika 10 kwanza tulifundishwa wengi, ila WHO kwenye mwongozo wao wa 2016 hawaipendekezi tena, na klorini inakula chuma kweli, angalieni makoleo yenu ya zamani. Hendipisi, yaani mkono wa drili ya meno, usiiloweke kabisa, ipitishe maji sekunde 20 hadi 30, futa, weka oili, nayo iingie mashineni kila baada ya mgonjwa, sio jioni kwa jioni.

Suuza, kausha, kagua kwenye mwanga, funga kwenye paketi. Usishindilie kama gunia la mkaa, mvuke unataka njia.

Sasa hapa ndo pa sisi wa Dodoma. Mashine za kisasa zinajipima zenyewe, ila wenye zile za mfano wa sufuria ya presha msikilize, sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100, hata maji ya chai yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Kitabu kinasema presha 15 psi upate digrii 121, huku kwetu 15 inakupa kama 119, inabidi mshale ufike karibu 17, kama mashine yako imeruhusiwa kufika huko. Kwahiyo fuata kipimajoto, usifuate presha. Na hewa itoke kwanza, acha vali wazi mpaka mvuke utoke mfululizo ndo ufunge, halafu dakika 30 kwa vilivyofungwa zihesabiwe kuanzia joto likifika, sio ulipowasha. Mzunguko wa digrii 134 unachukua dakika 3 mpaka 4, inategemea mashine, soma kitabu chake. Umeme ukikatika katikati unaanza upya, hakuna cha kumalizia zilizobaki.

Maji ya mashine weka distildi, yaani yasiyo na chumvi. Ya visima vyetu yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe ndani.

Tepu ya kubandika kwenye paketi ikigeuka rangi inasema tu kifaa kimepita kwenye joto, haisemi vijidudu vimekufa, kwa hilo kuna kipimo cha spora, yaani vijidudu sugu vya majaribio unavyopitisha mashineni uone kama vimekufa, fanya kila wiki na uandike kwenye daftari. Paketi ziache zikauke humohumo, ikitoka mbichi hiyo haifai, karatasi ikilowa inapitisha uchafu. Kisha droo yenye mfuniko, vumbi la huku mnalijua. Ikidondoka ikachanika inarudi sinki, hata kama mgonjwa ameshafungua mdomo.